Kofia ya NY ina vitabu vyake: besiboli kwa wapenda kusoma

Ukishuka daladala Karume na kukatiza kwenye mafungu ya mitumba, hutapiga hatua ishirini kabla hujakutana na kofia yenye herufi N na Y zilizokumbatiana. Anayo konda, anayo bodaboda, anayo mtoto wa shule siku ya Jumamosi. Uliza ni kofia ya nini. Utaambiwa ni ya New York, au ya wanamuziki wa rap, au "fasheni tu, kaka". Ni kofia ya timu. Timu inaitwa New York Yankees, mchezo wake ni besiboli, na pengine hakuna mchezo mwingine ulioandikiwa vitabu vizuri kiasi hicho ambao sisi tunauvaa kichwani bila kuujua.

Tangu niliposema kwenye kundi letu la WhatsApp la wasoma vitabu kwamba mwezi huu niko na kitabu cha besiboli, maswali hayajakoma. Hiyo si ndiyo kriketi? Mchezo unasomwaje, si unatazamwa? Mmoja akatuma picha ya foleni nje ya duka la vitabu huko Marekani: hawa wote wamekuja kumwona mtu aliyeandika habari za mpira? Nianze na jepesi.

Besiboli si kriketi, ni binamu yake. Timu mbili, wachezaji tisa kila upande. Mmoja anatupa mpira mdogo mgumu wa ngozi, unaoenea kiganjani: huyo nitamwita mtupaji. Wa timu pinzani anausubiri na gongo (la mti, si lile la kunywa): huyo ni mpigaji. Akiupiga vizuri anakimbia kupitia vituo vilivyopangwa kwa umbo la almasi, na akifanikiwa kurudi pale alipoanzia timu yake imepata pointi. Mtupaji akimshinda mara tatu, katoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Kila upande ukishapata zamu tisa za kupiga, hesabu inafungwa. Wakilingana, zamu zinaongezwa, hata ikifika saa nane za usiku, mpaka apatikane mshindi. Sheria nyingine zipo nyingi, lakini hizo utaziokota njiani, kama ulivyookota ya kuotea bila kufundishwa na mtu.

Sasa swali zito, la mchezo kusomwa.

Kwenye kandanda watu ishirini na wawili wanakwenda kwa pamoja. Mtangazaji hodari wa redio anashika sehemu tu ya yanayotokea, na mwandishi wa gazeti kesho yake anashika sehemu ya sehemu hiyo. Besiboli inakwenda kama bao: mmoja anacheza, wengine wote wanamtazama, kete zinatua, kisha ndiyo zamu ya mwenzake. Kila kitendo kina mwanzo, mwisho na mwenyewe. Na kati ya mtupo mmoja na mwingine kuna kimya. Ligi kuu ya Marekani iliweka saa ya kumhesabia mtupaji sekunde mwaka 2023 tu. Kabla ya hapo alikuwa na ruhusa ya kusimama, kupangusa jasho, kuangalia mawingu. Kimya hicho ndiyo shamba la mwandishi. Hapo ndipo anapopata nafasi ya kukuambia mtupaji huyu baba yake alikuwa nani, na kwa nini mpigaji yule anagusa kofia kila mara kabla ya kushika gongo.

Halafu kila kitu kinaandikwa. Unamjua mangi wa mtaani na daftari lake la mkopo? Mistari mifupi: "Mama Asha, unga 2, sabuni 1." Mgeni anaona namba. Anayeujua mtaa anaona kwamba kwa Mama Asha kuna wageni wiki hii. Besiboli ina daftari kama hilo, jedwali la mechi, na mtu anayetajwa zaidi kwa kulipa sura ni Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi New York katikati ya karne ya 19. Ndiye aliyeweka herufi K kuwa alama ya mpigaji aliyetolewa kwa kushindwa mara tatu. Baadaye watunza daftari wakaongeza ujanja: kama mpigaji alitolewa akiwa ameduwaa, hata gongo hakulirusha, K inaandikwa imegeuzwa nyuma mbele.

Chukua tarehe 8 Oktoba 1956, mojawapo ya mechi za fainali, Yankees dhidi ya Brooklyn Dodgers. Mtupaji wa Yankees ni Don Larsen, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia makubwa. Fungua daftari la siku hiyo upande wa Brooklyn: wapigaji 27, waliotoka 27. Hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Na alama ya mwisho kabisa, ya Dale Mitchell, ni K iliyogeuzwa. Alisimama, mpira ukapita, mwamuzi akasema umetoka. Mitchell aliendelea kudai miaka na miaka kwamba mpira ule ulipita nje ya eneo halali la kupiga. Mdakaji wa Yankees, Yogi Berra, alimkimbilia Larsen na kumrukia kifuani kama mtoto aliyemwona baba yake stendi ya mabasi. Yote hayo, ukiondoa malalamiko ya Mitchell na lile la kurukiana, yamo kwenye karatasi moja. Mtu aliyezaliwa miaka hamsini baadaye anaweza kuisoma mechi ile mpigaji kwa mpigaji.

Ongeza wingi. Ligi Kuu yetu yenye timu 16 inacheza mechi 240 kwa msimu. Ligi kuu ya besiboli ina timu 30, kila timu mechi 162, jumla 2,430, na bado hujafika kwenye mtoano. Wanacheza karibu kila siku tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Mwandishi aliyepewa timu anaishi nayo kama tingo na dereva wa lori la Tunduma. Miezi sita ya kusubiri pamoja kwenye viwanja vya ndege inazaa vitabu.

Vitabu vyenyewe

Watu hudhani vitabu vya besiboli ni takwimu. Vipo vya takwimu, na vingine vitamu, lakini ukianzia huko utakimbia. Mimi ningemshika mkono mgeni nimpeleke kwenye masimulizi ya wazee, kwa sababu hayo tunayajua tangu kwa bibi.

Mwaka 1961 alifariki Ty Cobb, mmoja wa wapigaji wakubwa wa zamani. Profesa wa uchumi wa New York, Lawrence Ritter, akashituka: wazee wanaondoka na maneno yao. Akabeba kinasa sauti, kizito kama vilivyokuwa vya wakati ule, akaanza kuwasaka waliocheza mwanzoni mwa karne. Hakukuwa na namba ya simu wala anwani. Alipomtafuta Sam Crawford, aliambiwa tu kwamba anaishi mahali fulani kaskazini ya Los Angeles. Akazunguka siku kadhaa akiuliza maduka na posta, hakuna anayemjua. Akakata tamaa, akaingia kwenye duka la mashine za kufulia ili afue nguo zake. Pembeni yake ameketi mzee mrefu, anatazama nguo zikizunguka. Ritter akauliza kwa kupitisha muda tu: unamfahamu Sam Crawford, yule mchezaji wa zamani? Mzee akajibu kwamba anatumaini anamfahamu, maana ndiye yeye.

Kitabu kilichotoka mwaka 1966, The Glory of Their Times, ni sauti za wazee hao moja baada ya nyingine. Huhitaji kujua sheria hata moja. Unasoma vijana wa mashambani na migodini waliotoroka nyumbani, baba aliyekataa kuzungumza na mwanawe kwa sababu ameacha kazi ya maana akaenda kucheza mpira. Ungeibadilisha gongo ikawa njumu, ungedhani mzungumzaji ni mzee wa Kariakoo anayekumbuka miaka ya 1960.

Kuna kitabu kingine ambacho kilifanya zaidi ya kusimulia. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1947, wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu. Hakukuwa na sheria iliyochapishwa. Wenye timu walikuwa na maelewano yao, na maelewano yale yalikaza kuliko sheria. Basi weusi wakaunda ligi zao. Walijaza viwanja, walisafiri usiku kucha kwa basi kwa sababu hoteli nyingi hazikuwapokea, na magazeti makubwa yakawapita kama hayawaoni. Walioandika habari zao ni magazeti ya watu weusi. Mwandishi Robert Peterson alikwenda kuyafukua magazeti hayo na kuwahoji waliokuwa hai, akatoa Only the Ball Was White mwaka 1970. Jina la kitabu linajieleza: cheupe kilikuwa mpira tu. Mwaka uliofuata Satchel Paige, mtupaji aliyekuwa hekaya ya ligi hizo, aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima, wanakoenziwa wakubwa wa besiboli. Watafiti wengine waliendelea alipoachia Peterson, mechi kwa mechi, gazeti kwa gazeti, kwa miongo. Mwezi Mei 2024 ligi kuu ikaziingiza takwimu za ligi za weusi kwenye vitabu vyake rasmi. Kileleni mwa orodha ya wastani wa kupiga wa maisha yote alikuwa amekaa Ty Cobb kwa muda mrefu. Sasa yuko Josh Gibson wa ligi za weusi: alifanikiwa mara 372 kati ya kila majaribio 1,000 aliyohesabiwa. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, mchezaji mweusi, hajakanyaga uwanja wa ligi kuu tarehe 15 Aprili na kuuvunja ukuta ule. Ndiyo maana nasema vitabu hivi si mapambo. Bila wasomaji wa magazeti ya zamani, Gibson angebaki kuwa stori za vijiweni.

Hapo kwenye 372 nisimame kidogo, maana huwachanganya wengi. Mpigaji anayefanikiwa mara 300 kati ya 1,000 ni nyota. Yaani bingwa ni mtu anayeshindwa mara saba kati ya kumi, mbele ya umati, kila siku. Fundi cherehani wa namna hiyo tungemhamisha mtaa.

Vitabu vya hesabu vina shujaa wao, Bill James, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya makopo huko Kansas. Kwenye lindo alihesabu. Mwaka 1977 alijichapishia kijitabu cha takwimu ambazo usingezipata kwingine, akauza nakala 75 hivi. Robo karne baadaye Boston Red Sox walimwajiri awe mshauri, na mwaka 2004 wakatwaa ubingwa walioukosa kwa miaka 86. Sisemi aliwapa yeye, ila alikuwemo.

Na vitabu vya wachezaji wenyewe? Hapa kuna dhana ya kuondoa: jina kubwa kwenye jalada si lazima liwe la aliyeshika kalamu. Jackie Robinson aliandika kumbukumbu zake pamoja na Alfred Duckett, na jina la Duckett lipo, hakuna kificho. Babe Ruth, nyota mkubwa wa miaka ya 1920, alikuwa na makala magazetini zilizoandikwa na waandishi wa kukodiwa, mmojawapo Ford Frick. Frick huyohuyo baadaye akawa kamishna wa besiboli, na mwaka 1961, mpigaji Roger Maris alipoikaribia rekodi ya Ruth ya kuupiga mpira nje ya uwanja mara nyingi zaidi katika msimu mmoja, akatangaza kwamba kama Maris atahitaji mechi zaidi ya 154 alizokuwa nazo Ruth, rekodi mbili zitaandikwa kando kando. Mwandishi kivuli anamlinda bosi wake wa zamani, miaka zaidi ya kumi baada ya kuzikwa. Ukinunua kumbukumbu za mchezaji, angalia chini ya jina lake kuna jina dogo la nani. Huyo mdogo ndiye utakayekuwa naye kurasa 300.

Aliyefanya tofauti ni Jim Bouton, mtupaji aliyekuwa anaelekea jioni ya uchezaji wake. Msimu wa 1969 alikuwa akiandika mambo ya chumba cha kubadilishia nguo: pombe, vidonge, ubahili wa mabosi. Kitabu chake Ball Four kilipotoka mwaka 1970, kamishna wa wakati huo alimwita ofisini akamtaka aseme si kweli. Alikataa. Mauzo, unaweza kukisia yalivyokwenda.

Ile foleni ya kwenye picha

Uzinduzi wa kitabu kwetu unaujua. Kuna MC, kuna meza kuu, kuna mgeni rasmi anayechelewa, na nakala ya kwanza inanadiwa mpaka inafika bei ya mbuzi. Mwandishi anazungumza dakika kumi, mgeni rasmi arobaini. Mkutano wa mwandishi wa besiboli na wasomaji wake ni mdogo na hauna makuu. Duka la vitabu au maktaba, viti vya kukunja, vipaza sauti viwili. Mwandishi anahojiwa na mtu anayeijua mada, pengine anasoma kurasa mbili tatu, kisha maswali kutoka kwa watu. Saa moja, basi. Kisha watu wanapanga foleni, kila mmoja na nakala yake, ili itiwe saini.

Foleni nayo ina adabu zake. Mfanyakazi wa duka anapita na vikaratasi vya kubandika, anakuuliza jina, analiandika na kulipachika kwenye ukurasa wa saini, ili mwandishi asikosee. Kwa mtu anayeitwa Nyamizi au Mwanahamisi, kikaratasi hicho ni rehema. Kuingia mara nyingi ni bure, lakini duka linatarajia ununue kitabu hapohapo. Kwingine tiketi na kitabu vinauzwa pamoja. Ukipata sekunde zako thelathini mbele ya meza, usizitumie kusema "nimekipenda sana". Muulize nini alilazimika kukikata. Kila mwandishi ana sura moja iliyochinjwa na mhariri, na macho yake yatawaka.

Tofautisha mikutano miwili inayofanana kwa nje. Mchezaji maarufu akitoa kumbukumbu, foleni inazunguka jengo, maswali hakuna, saini inachorwa kwa sekunde tatu huku mlinzi akikuambia sogea, na mipira au jezi ulizobeba zinakataliwa mlangoni. Mtafiti akitoa historia ya ligi iliyosahaulika, mko ishirini na nusu yenu mna mvi. Kama ni mpenda kusoma, nenda kwa mtafiti.

Msimu wa mikutano unafuata mchezo. Vitabu vingi hutoka kabla tu ya ligi kuanza, Februari hadi Aprili, na vingine huvizia Siku ya Akina Baba, Jumapili ya tatu ya Juni. Makumbusho ya Yogi Berra huko New Jersey, yule mdakaji mrukaji, huwakaribisha waandishi. Kijiji cha Cooperstown, jimbo la New York, chenye watu wasiofika 2,000, ndiko uliko Ukumbi wa Heshima na makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 1939, nao majira ya joto huleta waandishi wazungumze na kutia saini.

Kwa nini kijijini kule? Kwa sababu ya uongo. Tume moja ilitangaza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba besiboli ilibuniwa Cooperstown mwaka 1839 na Abner Doubleday, aliyekuja kuwa jenerali. Mwaka 1839 Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Jina la mchezo lilikuwa limeshachapwa London mwaka 1744, kwenye kijitabu cha watoto, na Jane Austen alilitaja kwenye riwaya iliyotoka mwishoni mwa 1817. Leo uongo huo unafukuliwa kwenye vitabu vinavyouzwa palepale kijijini ulikojengewa nyumba. Napenda jambo hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Aliye Mbagala, Bujumbura au Muscat hatapanda ndege kwa ajili ya kikaratasi. Anaweza kuanza bure. Chama cha watafiti wa besiboli, SABR, kilichoanzishwa Cooperstown mwaka 1971, kimeweka mtandaoni maelfu ya wasifu wa wachezaji. Maktaba ya mtandaoni ya Gutenberg ina You Know Me Al ya Ring Lardner, ya mwaka 1916: barua za mtupaji mwenye majivuno na tahajia mbovu kwa rafiki yake wa nyumbani. Wa kununua na achungulie orodha ya tuzo ya Casey, inayotolewa tangu 1983 kwa kitabu bora cha besiboli cha mwaka. Waganda tayari wamo ndani ya mchezo: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za ligi ya watoto huko Pennsylvania, na walishinda mechi moja. Kitabu chao nakisubiri.

Limebaki la fedha, maana kuna aliyeniuliza kama saini ni uwekezaji. Kwa vitabu vingi si uwekezaji. Mwandishi anayezunguka miji ishirini anatia saini maelfu, na kitu kilichopo kwa maelfu hakipandi bei kwa sababu kina wino. Ukitaka chenye thamani ya mnadani unaingia kwenye soko la saini za wachezaji waliokufa, na huko ni porini. Miaka ya 1990 FBI ilianza msako wa saini bandia za michezo, ikakuta genge lenye mafundi wanaoiga mwandiko wa nyota wote uwajuao. Miongoni mwa mali zao kulikuwa na mipira ya besiboli iliyotiwa saini ya Mama Teresa.